Ukishika Mpira, Simama

Darsait, Maskati
14 Novemba 1967

Mume wangu Mahfoudh,

Assalamu alaykum. Najua umeshachoka kwenda posta na kurudi mikono mitupu, na najua umeshasema, "Kheiria kanisahau." Nisamehe. Barua yako niliipata zamani, nikaiweka chini ya mto niijibu Mahbuba akilala, na Mahbuba hakulala. Alishikwa na surua. Kwanza macho, kisha mwili mzima. Sasa hajambo, anakula, anapiga kelele, ila anataka abebwe tu. Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili umempakata yeye, kwa hivyo hati ikipinda usinicheke.

Nimefurahi umepata kazi kwenye hicho chuo cha walimu. Tangu tulipotoka Unguja nilikuwa nikikuona hapa barazani umekaa, mikono mapajani, mwalimu wa michezo asiye na kiwanja, na mimi napita na ndoo yangu najifanya sioni. Nilikuwa naona.

Lakini Mahfoudh! Umewaambia unajua kufunza mpira wa miguu na mpira wa kikapu pia? Wewe? Wewe ambaye Unguja mtu akigusa mpira kwa kidole unapiga kelele "Kanawa! Kanawa!" mpaka mtaa wa pili wanasikia? Nilipomsomea mama yako alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye mkeka. Na mkeka nikaufua mimi.

Haya, umeniuliza tulivyokuwa tukicheza skuli ya wasichana. Sikiliza. Ukishika mpira, simama. Hapo hapo. Mguu mmoja uko chini kama umepigiliwa msumari, huo mwengine ndio unaouzungusha. Tazama nani kakaa pazuri, umpe, kutoka kifuani. Usikae nao, mpira si mtoto mchanga. Mwalimu wetu akisema, mwenye mpira asimame, wasio nao ndio wakimbie. Na kwenye pete, nyoosha mkono, mwisho kunja vidole, uuache upande juu uteremke wenyewe.

Sasa na mimi nina neno langu. Uliniambia mwaka mmoja, kisha utatuita. Mwaka mmoja nimeupokea. Wa pili sikuupokea.

Nnachohitaji: maziwa ya unga yale ya mkebe mkubwa, pini za nepi, flaneli ya joto rangi yoyote isiyokuwa nyeupe, na dawa ya tumbo la mtoto. Mpe mtu anayekuja, posta wanaponda.

Mkeo,
Kheiria


Kuweti
2 Februari 1968

Mke wangu Kheiria,

Alhamdulillahi Mahbuba amepona. Tafadhali usinifiche tena, homa ikianza niandikie ikianza.

Vitu nimempa baharia mmoja wa Matrah. Flaneli ni ya kijani, nyengine hawana.

Ee bibi wee, maneno yako yamefanya kazi! Chuo chenyewe ni kipya, kiwanja cha kikapu kimejengwa juzi, na vijana wangu hakuna hata mmoja aliyewahi kuugusa mchezo huu. Wote tunaanza pamoja, ila wao hawajui kama na mimi naanza. Kila jioni tukimaliza mpira wa miguu tunahamia upande wa pili. "Ukishika, simama!" Wanasimama kama nguzo. Mpira unaruka mkono kwa mkono, hujui uko wapi. Yupo mmoja, Ghanim, mrefu hata mlangoni anainama. Huyo nimemweka chini ya pete.

Jambo moja nakuuliza. Huku nyuma ya pete pana ubao mkubwa. Kwenu ulikuwepo?

Mwezi wa tano tunacheza na vyuo vyengine. Mkuu wa chuo, ni Mmisri, mtu mzuri, kaniambia: michezo yote miwili ikienda vizuri, nathibitishwa kazi na napewa nyumba ya mwenye watoto. Vyumba viwili, bomba la maji liko ndani. Ndani, Kheiria! Mwaka wako mmoja nnaukumbuka.

Nakuletea picha ya timu. Mwonyeshe Mahbuba, kisha uniambie kama amenijua.

Mumeo,
Mahfoudh


Darsait
27 Machi 1968

Baba Mahbuba,

Nimechelewa tena, nisamehe, safari hii alikuwa mama yako na kifua chake. Amepata nafuu, utamsikia mwenyewe huku chini.

Ubao? Kwetu haukuwepo ubao, palikuwa na mti na pete tu. Nadhani hao wameuweka kuzuia mpira usitoke ukapotelea barabarani. Waambie vijana wasiuguse, wafunge safi.

Picha imefika. Umenenepa shingo, vyengine ni vile vile. Mahbuba amekujua mara moja. Ameibusu picha mpaka imelowa.

Nilipokuwa kisimani niliwahadithia wanawake habari ya bomba la ndani. Nasriya, yule jirani yetu anayekicheka Kiarabu changu, akaniuliza, "Sasa habari za mtaa utazipata wapi?" Hata sikuwa nimefikiri.

Mama yako amekaa hapa anasema niandike anavyosema, nisipunguze. Anasema: Mwanangu Mahfoudh, usioge ukalala na kichwa kibichi. Anasema: hao vijana wasikutie wazimu. Anasema: Kheiria amekonda. (Sikukonda.) Anasema: Kheiria akikwambia hakukonda ni mwongo. Anasema: njoo.

Nnachohitaji: ndala zangu jozi moja na za mama yako jozi moja, dawa ya kifua ile ya kupaka, uzi mweusi, na kalamu. Hii ninayoandikia ni ya kuazima.

Kheiria


Kuweti
19 Mei 1968

Kheiria,

Ulinifunza mchezo gani?

Tumecheza juzi na chuo cha ufundi. Watu wamejaa, mkuu wa chuo kakaa mbele na wageni wake. Firimbi ikalia, wenzetu wakachukua mpira wakawa wanakimbia nao! Wanaudundiza chini, tap, tap, tap, wanakimbia huku na huku, refa anatazama tu. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Hatua! Hatua!" Wakafunga. Kisha wakafunga tena, kwa kuupiga mpira kwenye ubao! Ubao ule ule.

Wangu wakishika, wanasimama. Wameganda, maskini, wananitazama mimi. Refa ni Mlebanoni mwenye masharubu. Akanijia pole pole. "Kocha, vijana wako wamefungwa miguu?" Nikamwambia, "Ndiyo sheria." Akasema, "Sheria ya wapi?"

Watu walicheka mpaka wakasimama juu ya viti. Sijui tulifungwa ngapi na sitaki kujua. Ghanim alikaa chini ya ile pete akajifunika uso kwa taulo.

Kikapu nimenyang'anywa. Nimebakishwa na mpira wa miguu mpaka muhula uishe, halafu watatazama. Nyumba usiitaje tena mbele ya mama.

Mahfoudh


Darsait
8 Septemba 1968

Mume wangu,

Safari hii sikuombi msamaha wa kuchelewa. Nilichelewa kwa makusudi. Kila nikikaa kuandika, lililokuwa linakuja mkononi halikuwa jambo la kumwandikia mtu aliye mbali peke yake.

Mahfoudh, wewe uliniuliza tulivyokuwa tukicheza skuli. Nami nikakujibu tulivyokuwa tukicheza skuli. Nilidhani pete ni pete, netiboli na kikapu ni mchezo mmoja. Mimi nimelijua wapi la kudundiza? Mimi niko hapa nachota maji. Waliokuwa na ubao mbele ya macho yao ni nyinyi. Hukumuuliza mtu hata mmoja Kuweti nzima, kwa sababu ungeuliza ungejulikana. Ukaona bora umuulize mke, mke yuko ng'ambo, hatamwambia mtu. Hilo ndilo lililonikera, si barua yako ya ukali. Ukali wako naujua, unapoa kabla ya chai.

Nimeshasema, yamekwisha.

Na mimi nikupe langu, lisibaki. Ile picha Mahbuba hakukujua. Alimwekea kidole yule mrefu mwenye mpira, akasema "Baba." Akambusu yeye. Nikamwondoa kidole nikakiweka kwako, akakirudisha kwa Ghanim. Sikutaka kukwambia, ulikuwa na furaha. Lakini mtoto anakwenda miaka mitatu, Mahfoudh, na baba yake ni karatasi, tena karatasi ya mtu mwengine.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa mkuu wa chuo, mwambie ulimdanganya, mchezo huu hukuujua, na unataka kufunzwa. Atakufukuza au hatakufukuza. Kisha mtafute yule mwenye masharubu, ndiye aliyekuja kukuuliza pole pole. Wengine walicheka, yeye aliuliza.

Na vijana wako wasiyatupe waliyojifunza. Wafundishwe hiyo tap tap, lakini kutoa haraka wasiache. Sisi tuliwafunga wasichana wa Pemba, na wao walikuwa wakubwa, wana miguu kama mitwangio, kwa sababu mpira haukukaa mkononi hata wakauona. Mtu hukaba mtu. Mpira unaokwenda haukabiki.

Nnachohitaji: gauni la Mahbuba, la mtoto wa miaka mitatu, refu kidogo, na sabuni ya kufulia. Na picha yako. Peke yako.

Kheiria


Kuweti
22 Aprili 1969

Kheiria wangu,

Picha ni hii. Mpiga picha kaniambia nicheke, nikaona nikicheka mtoto atadhani ni mtu mwengine tena. Kwa hivyo nimenuna. Mwambie baba yake hanuni hivi.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Nilikaa nje ya mlango wake nikasoma kila dua ninayoijua. Nikamwambia yote, hata la wewe na skuli yako. Akaweka kalamu akacheka, kicheko cha tumbo. "Basi hawa wanafunzi wangu wamefundishwa mchezo wa mabinti wa Zanzibar!" Halafu akaniambia, "Mwalimu wa walimu akisema sijui, hilo ndilo somo la kwanza. Nenda ukajifunze."

Yule refa kanifunza mwenyewe. Mtu mzima mimi nadundiza mpira kama mtoto, unanigonga mguu unakimbilia barabarani. (Ubao hauuzuii, ulikosea.) Mwisho nikaushika. Kisha nikawarudia vijana, nikawaambia sheria ni mbili sasa: ya dunia, na ya Bi Kheiria. Wakianza, wadundize. Wakikaribia pete, wafuate yako: shika, simama, toa.

Wiki iliyopita tumekutana tena na chuo cha ufundi, wale wale. Walianza kucheka tangu hatujaingia. Mama Mahbuba, waliacha kucheka! Wanamkimbilia Ghanim, mpira ameshautoa. Wanaukimbilia, umesharudi kwa Ghanim. Yule refa anapiga firimbi huku masharubu yanamcheza. Tumeshinda. Tumeshinda na mpira wa miguu pia, lakini huo nnaujua, hauna hadithi.

Nimethibitishwa. Nyumba naipata mwakani. Ghanim anasema nimwambie mwalimu wake wa Maskati shikamoo, na anamwomba radhi Mahbuba kwa kumchukulia baba.

Likizo ya mwezi wa saba nakuja kukuchukueni. Karatasi za ruhusa ya kusafiri nitazishughulikia nikifika.

Mahfoudh


Darsait
11 Januari 1970

Mume wangu,

Nimekaa miezi bila kuandika, nisamehe. Mara ya mwanzo nilikuwa sina la kusema, kisha nikawa na kubwa mno.

Ulipoondoka mwezi wa tisa peke yako, Mahbuba alikaa na mfuko wake mlangoni, ule uliomfungia wewe mwenyewe kwa safari. Kila tukimwambia aufungue anasema, "Baba kasema nisifungue." Wiki tatu gauni zake zimo humo. Mwisho mama yako kamwibia usingizini, moja moja.

Karatasi ya ruhusa haikutoka mpaka leo. Nimekwenda tena, na shemeji yangu, na peke yangu. Wananiambia subiri. Nasubiri, kuna jengine gani?

Lakini sikuandika barua hii nikutie huzuni. Ile likizo yako haikupita bure. Nina mimba, Mahfoudh. Nitajifungua mwezi wa nne inshallah. Mama yako anasema mwanamume, kwa vile nachukia harufu ya kahawa. Akiwa mwanamume ni Aflah, jina la baba yako, tusibishane kwa posta.

Nnachohitaji: flaneli tena, hata ya kijani. Mkebe mmoja wa maziwa. Mengine nitajua akishafika.

Kheiria


Kuweti
30 Agosti 1970

Mama Mahbuba na Aflah,

Tangu siku ile redio ilipotangaza Sultani mpya sikulala sawasawa. Huku Waomani tunakumbatiana barabarani na watu tusiowajua. Wanasema milango ya mji haifungwi tena usiku, na ruhusa ya kusafiri sasa inapatikana. Kweli?

Nyumba ninayo. Funguo nnazo mfukoni, nakuandikia huku nazigusa. Bomba nimelifungua nikalifunga, nikalifungua tena. Feni iko. Na mkuu wa chuo ananipa mkataba mpya wa miaka mitano, mkuu wa michezo yote, waalimu wawili chini yangu. Mimi, Kheiria, niliyekuwa barazani mikono mapajani.

Sijautia saini. Nitautia mkifika, uwepo. Chukua karatasi, mchukue mama, wachukue watoto, njooni. Sijamwona mwanangu hata kucha.

Mahfoudh


Darsait
3 Novemba 1970

Mume wangu mpenzi Mahfoudh,

Barua yako ina miezi miwili ndani ya kanga yangu, na najua kila siku unaangalia njia. Nisamehe. Safari zote nilizochelewa nilikuwa na maradhi au hasira. Safari hii nilikuwa na kazi.

Kwanza, karatasi ya kusafiri imetoka. Ninayo. Iko kwenye kasha la mama yako pamoja na dhahabu yake. Kwa hivyo usiseme sikuja kwa kunyimwa ruhusa.

Sasa soma pole pole. Imefunguliwa skuli ya wasichana. Wasichana, Mahfoudh, na mabegi, wanapita hapa mlangoni! Walikuwa wanatafuta mwanamke aliyesoma, na Nasriya, yule yule anayekicheka Kiarabu changu, akawaambia, "Yupo mmoja kwetu, Mzanzibari, kamaliza skuli, anaandika barua mpaka kalamu zinakwisha." Wakanijia. Nikawaambia nina mtoto wa kunyonya na mtoto wa miaka minne na mama mzee. Mama yako, Bi Shaikha mwenyewe, akatoka chumbani: "Mzee nani?" Basi ikawa. Aflah anabaki naye, nakwenda kumnyonyesha mapumziko narudi. Mahbuba yuko darasa la watoto, anakaa mbele, akijisahau ananiita Mama.

Nafunza hesabu. Na alasiri nafunza mchezo. Mhunzi wa Matrah amenitengenezea pete mbili za chuma cha pipa, nimezifunga kwenye magogo ya mtende. Ubao hakuna. Mpira tulikuwa nao mmoja, umeshapasuka, tunacheza na ulioshonwa wa matambara. Ungewaona. Juzi mtoto mmoja mdogo, Masouda, mdogo hata sauti haisikiki darasani, kaudaka, kasimama mguu mmoja chini kama msumari, akatazama huku, akatazama huku, wenzake wote wanampigia kelele "Nipe! Nipe!" na yeye hatishiki. Mpaka alipoona. Ndipo akatoa. Ilinibidi nigeuke nifute macho kwa ncha ya mtandio.

Mimi ndivyo nilivyo sasa, Mahfoudh. Nimeshika, nimesimama, natazama.

Najua ninachokuomba. Najua mkataba wa miaka mitano ni nini kwako, na waalimu wawili, na Ghanim, na bomba. Najua huku hapana kiwanja, pana mawe. Nimekuona umekaa ile baraza, sitaki kukuona tena umekaa vile. Kwa hivyo sikuamrishi. Ukiandika neno moja, "Njooni," tutakuja, karatasi iko, na sitakuonyesha uso wa kununa hata siku moja. Mimi ni mkeo.

Lakini kuna jambo nimelifanya. Skuli ya wavulana walikuja kuniuliza kama namjua mtu wa kuwafunzia mpira. Vijana wamejaa huku, kila wiki wanarudi wengine kutoka ng'ambo, hawana mtu. Nikawaambia namjua. Wakauliza, "Yuko wapi?" Nikawaambia yuko njiani.

Wewe uliwaambia Kuweti unajua kikapu, ukawa hukijui, ukaenda ukakijua. Na mimi nimewaambia yuko njiani. Usinifanye mwongo peke yangu.

Mahbuba ile picha yako ya kununa kaipeleka skuli. Walimuuliza nani huyu, akasema, "Baba yangu. Hanuni hivi." Amekariri.

Nnachohitaji:

Mipira mitatu ya mikono, na miwili ya miguu kwa hao wavulana, na pampu na sindano yake, maana huku hata ya baiskeli ni ya kuazima.

Nyavu za pete mbili. Zangu ziko uchi, mpira ukipita wasichana wanabishana kama umeingia.

Viatu vya turubali vyeupe, vya watoto, vyovyote utakavyopata, vidogo kwa vikubwa. Masouda anacheza pekupeku kwenye mawe.

Chokaa ya kupigia mistari.

Maziwa hapana, Aflah anatosheka. Flaneli hapana.

Kitabu cha sheria za kikapu, kile alichokufunzia yule mwenye masharubu. Safari hii tuanze sawa.

Firimbi usimpe baharia, na posta usiitie. Hiyo ije shingoni mwako.

Mkeo,
Kheiria